Marobota Yaliyoikimbia Mvua

9 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Kabla hujaenda mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango wa saluni, umgeuze mteja aliye kitini atazame ukuta, kisha usome kimya bila kuchezesha midomo. Humu hakuna neno hata moja linaloruhusiwa kutoka. Asijue mama, asijue jirani yako fundi viatu, na zaidi ya wote asijue mwenye shamba akija kwako kunyolewa. Najua ni mteja wako wa miaka mingi, na ni wewe uliyeniombea kazi hii huku wembe wako uko shingoni mwake. Ndiyo maana naogopa. Ningepiga simu, lakini simu yako huwa unaiweka sauti ya juu ili mikono ibaki na kazi. Mara ya mwisho nilipokueleza habari za jino langu, nilipewa pole na wanaume watatu nisiowajua.

Baada ya hayo, shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umepoa. Mama ameniandikia kwamba mtoto wa dada amesimama dede na tayari ameangusha birika. Mimi sijambo. Nimepewa chumba kizuri, chenye kitanda, meza, kabati lisilofunga, na dirisha linalotazama ghala. Dirisha hilo ndilo linaloniua.

Mjomba, nimefanya kosa. Kama ujuavyo, mwenye shamba yuko huko mjini anahangaikia mashine zake za maziwa. Shamba amemwachia msimamizi, na mimi karani ameniachia kuandika kila kinachoingia na kutoka ghalani. Wiki iliyopita nyasi za ng'ombe zilikuwa zimekatwa na kuanikwa zikauke. Nyasi iliyokauka sawasawa ukiisokota mkononi huvunjika. Zetu zilikuwa bado zinakunjika. Msimamizi alikuwa amekwenda harusini. Mara wingu likatanda, jeusi kama sufuria ya jikoni, na dereva wa trekta, wanamwita Polepole, akaja dirishani kwangu.

"Karani, tunafunga au tunangoja?"

Nilitazama juu. Niliona nyasi zote za mwaka zikiloa, ng'ombe wakilia njaa wakati wa kiangazi, na jina langu likitajwa. Nikasema, "Fungeni. Ingizeni."

Mashine ikafunga marobota, tela likabeba, watu wakapakua wakiimba. Mimi nisiyevumilia kitu kilichopinda nikavuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta, nikawataka wapange robota juu ya robota, kingo sawasawa, bila upenyo wa kupitisha hata kisu. Tulipofunga mlango wa ghala nilijiona jenerali.

Mvua, Mjomba, haikunyesha. Wingu lilipita juu ya paa letu kama mgeni aliyekosea nyumba. Kesho yake jua liliwaka mpaka likanichoma aibu.

Sasa usikie linaloniogopesha. Nyasi zenye unyevu zikibanwa hivyo hujipika zenyewe. Joto hupanda polepole katikati, siku kwa siku, na zikikosa hewa zinaweza kuwaka moto bila mtu kuleta kiberiti. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wetu chuoni na nililijibu vizuri sana.

Ningemwambia msimamizi, lakini aliporudi alisimama mlangoni akautazama ule mpango wa marobota kama anatazama bibi harusi. Akaupiga picha, akamtumia mwenye shamba, akaandika kwamba amebuni mpangilio mpya. Amebuni yeye! Mwenye shamba amejibu kwamba robota lisiguswe mpaka arudi ajionee.

Nifanye nini? Nijibu kwa barua, tafadhali, na bahasha uibandike gundi mara mbili.

Mpwa wako mwenye hofu.


17 Mei

Mpwa wangu, mama yangu mdogo, marahaba!

Barua nimeisomea chooni, mlango nimeuwekea ndoo. Fundi viatu akagonga akiuliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ndiyo. Sasa mtaa mzima unanipikia uji kwa ajili ya siri yako, kwa hiyo usiseme sikuvumilia kitu.

Mgongo umepona. Mama yako alipita hapa, akanikuta nanyoa mzee mmoja kiziwi, akauliza kama nina habari zako. Nikamwambia huna lolote, unanenepa tu. Akafurahi.

Haya, tuje kwenye nyasi zako. Mimi ni kinyozi. Nyasi ninazozijua zinaota kwenye vichwa vya watu, na sijawahi kuona kichwa kinachowaka moto ila kwa hasira. Lakini ninachojua ni hiki: mtu akikwaruzwa na wembe ukamwambia papo hapo, "Samahani, nimekukata," anasema si kitu. Ukinyamaza akakuta damu kwenye kola nyumbani, hurudi na kaka zake. Nenda kwa msimamizi kesho, umwambie. Usiandike. Usipige chapa. Mwambie kwa mdomo huo huo uliosema "Fungeni."

Mwenye shamba wako mwenyewe alikuja juzi. Alipokaa tu kitini nilinoa wembe mara mbili. Nikaona njia ya salama ni kuzungumza mpira. Mimi mpira siujui, mama. Nilimsifia golikipa mpaka akaniambia yule bwana alistaafu zamani na sasa anauza vitanda. Lakini la nyasi sikulitaja. Nilitoa jasho kuliko aliyevaa shuka. Yeye ndiye aliyelitaja, akatoa simu, akanionyesha picha ya ghala lenu: "Tazama kazi ya msimamizi wangu." Nikasema naona. Nikamkata kidevu kidogo. Nikamwambia papo hapo.

Na huyo Polepole aliyekuja dirishani, ni mzee au kijana?

Mjomba wako, kaburi la siri.


29 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa uji unaounywa kwa ajili yangu. Mwambie mama sijanenepa, sketi imenilegea. La, usimwambie. Atauliza kwa nini.

Nilikwenda kwa msimamizi kama ulivyonielekeza. Nilijifunza maneno yangu mbele ya kioo, nikavaa viatu vya kufunga, nikabisha hodi. Alikuwa ana wageni, majirani wawili wenye mashamba, waliokuja kuona marobota. Siku hizi wanakuja karibu kila wiki. Anawasimamisha mlangoni na kuwaambia, "Siri ni kamba. Unavuta kamba ukuta hadi ukuta." Mimi nimesimama pale pale nikiisikiliza kamba yangu.

Walipoondoka nikamwambia nyasi ziliingia mbichi na huenda zina joto ndani. Alicheka mpaka akakaa.

"Karani wewe! Kwani umeambiwa ni mkate, utaumuka?"

"Ndani panapata joto, bosi. Tungetoa safu za mbele tu, tuweke njia ya hewa."

"Nibomoe? Nibomoe kitu ambacho mwenyewe amekipa heshima? Kalamu yako iko wapi?"

"Ofisini."

"Basi iko peke yake. Nenda ukakae nayo."

Nikaenda nikakaa nayo.

Lakini sikukaa sana. Nyuma ya ofisi kuna kipande cha nondo kirefu, nikakichukua. Kila asubuhi, wakati wa kukamua, ninaingia ghalani na kukisukuma katikati ya marobota, nakiacha kidogo, nakichomoa na kukishika. Mwanzoni kilikuwa vuguvugu kama kikombe kilichosahaulika. Leo sikuweza kukishika mpaka nihesabu kumi. Harufu nayo imebadilika. Ilikuwa ya majani, sasa ni tamu, kama sukari inayoanza kuungua kwenye sufuria. Paka wa ofisi amehama kikapu chake na kulala juu ya marobota kutwa. Msimamizi anasema hata paka amependa mpangilio. Mimi najua paka anapenda nini.

Mjomba, ukuta wa nyuma wa ghala ndio ukuta wa zizi la ndama. Wanalala wameuegemea. Nikilifikiria hilo, nataka kwenda kubomoa usiku huu huu. Na nikimfikiria mwenye shamba naketi tena. Amesema robota lisiguswe. Nikiligusa nimeasi amri, na atauliza nani aliyeingiza nyasi mbichi, na ni mimi. Nitarudi nyumbani na sanduku lile lile nililoondoka nalo, mama atanyamaza vile anavyonyamazaga, na wewe utakuwa umepoteza mteja. Nisipoligusa, sijui nimalizie vipi sentensi hii.

Nimeomba mapipa yajazwe maji na yapangwe kando ya ghala. Nimesema ni kwa ajili ya vumbi. Polepole aliyajaza yote bila kuuliza vumbi gani. Kisha akavuta na mpira wa maji kutoka kisimani, ambao sikuuomba, akauacha mlangoni.

Uliuliza kama ni mzee au kijana. Ni dereva.

Nakukumbusha tena kuhusu siri. Akija kitini, zungumza mpira.

Mpwa wako.


8 Juni

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Sote wazima. Hapa kuna joto. Sina maana ya joto hilo. Hali ya hewa tu ni nzuri.

Sina mengi. Naandika haraka kidogo. Nilitaka tu kuuliza kama huko kwenu hamjambo, na kama kuna mtu yeyote amewasili. Simaanishi mtu fulani. Watu huwasili.

Endapo mwenye shamba atatokea huko ghafla kwa sababu zake mwenyewe, usishtuke, na usimtazame sana usoni. Mwambie kofia yake iko kwangu, nimeitundika, na ile shuka ya saluni aliyoondoka nayo ikiwa shingoni hana haja ya kuifua, anaweza kuirudisha wakati wowote.

Unatumia kofia ya jua? Jua ni kali.

Mjomba wako akupendaye sana, kumbuka neno hilo.


9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata barua yako, labda iko njiani. Siwezi kuingoja. Keti kwanza.

Juzi asubuhi nilisukuma kile kipande cha nondo kama kawaida. Nilipokichomoa sikuhesabu hata moja. Kilinichoma kiganja, nikakitupa, na pale tundu lilipobaki ukatoka mvuke mwembamba kama wa birika. Msimamizi alikuwa amekwenda kumwonyesha jirani mmoja namna ya kuvuta kamba. Nilisimama pale na kiganja mdomoni. Nilimsikia ndama mmoja upande wa pili wa ukuta anajikuna, kwara, kwara. Sijui ni kwa nini ilikuwa sauti hiyo hasa iliyonizindua. Miguu ilinipeleka nje.

Nikawaambia wakamuaji wawatoe ndama wote malishoni. Nikavua viatu vya kufunga, nikapanda ngazi mpaka juu ya marobota, na nikamwita Polepole avute la kwanza.

Akatazama juu akaniona. "Karani, una hakika?"

"Sina. Vuta."

Akavuta. Robota la kwanza likaanguka, Mjomba, na ule ukuta wangu mzuri ukapata pengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Nilidhani nitalia. Badala yake nikacheka, na watu wakadhani nimepata kichaa, wakaja mbio kunisaidia. Mmoja aliyashika marobota kwa kulabu, wengine wakayabeba hadi kwenye tela, na Polepole akayapeleka uwanjani mbali na majengo na kuyatandaza. Mkamuaji mmoja mnene, ambaye haogopi mtu, alimwagia maji kila tulipofika mpaka akanimwagia na mimi.

Tulikuwa tumefika safu ya tano nikasikia gari linaingia lango kwa kasi. Nikajua ni yeye. Nikafikiria kujificha ndani ya nyasi, nikakumbuka ni za moto.

Mwenye shamba akashuka. Mjomba, sijui nikuelezeje. Shavu lake la kulia lilikuwa limenyolewa safi, linang'aa. La kushoto lilikuwa na ndevu zake zote, na juu yake povu lililokauka likapasuka kama tope. Shingoni alikuwa na shuka ya mistari ya bluu. Ninaijua shuka hiyo. Nilikuwa naifua kila Jumamosi nilipokuwa mdogo.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mkamuaji mnene aliinamisha uso ndani ya pipa.

"Nani kaamuru hili?" akauliza.

Nilikuwa juu, nimelowa, nina majani kwenye nywele. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yangu. "Mimi. Kuyaingiza mabichi niliamuru mimi, na kuyatoa nimeamuru mimi."

Akaja hadi kwenye pengo, akaingiza mkono mpaka begani, akautoa upesi kuliko alivyouingiza. Akageuka.

"Basi mmesimama mnatazama nini? Usoni kwangu kuna marobota?"

Akavua koti, shuka akaiacha, akaingia kazini. Alivuta pamoja nasi mpaka tukafika katikati. Huko nyasi zilikuwa zimekuwa nyeusi kama tumbaku. Robota moja, mara lilipofika uwanjani na kuguswa na upepo, lilitoa moshi, kisha ulimi wa moto, pale pale mbele ya macho yetu. Polepole akalimwagia mpira mzima wa maji. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tunabomoa kwa nini.

Msimamizi alirudi tumekwisha kumaliza. Akaona ghala tupu, akamwona mwenye shamba. Akasema, "Mzee, ule mpangilio ulikuwa wa karani. Mimi nilikuambia tangu mwanzo." Siku hiyo ndipo aliponirudishia sifa zangu zote.

Mwenye shamba hajaniambia kitu. Ameniambia tu niende nikafunge kiganja. Sanduku nimelitoa chini ya kitanda, nimeliweka wazi, na nguo zimo nusu.

Sasa nina swali moja kwako, na naliuliza kwa heshima zote anazostahili kaka wa mama yangu. Mlizungumza nini kitini?

Mpwa wako.


16 Juni

Mpwa wangu, mwanangu, nuru ya familia,

Marahaba mara saba. Barua yako nimeisoma kwa machozi. Mama yako ameisoma pia, kwa hiyo yeye nawe mtamalizana. Hajanyamaza. Amepita mtaani akisema binti yake amezima moto.

Kuhusu swali lako, namshukuru Mungu kwamba uko salama.

Kuhusu swali lako tena. Mimi sikumwambia. Hilo liandike. Mimi nilisimulia tu. Kusimulia si kuambia. Mpira ulikwisha, mama! Siasa haziruhusiwi, nimebandika tangazo. Mvua tulishaimaliza. Bwana ametulia, ameshaanza kusinzia, na barua yako inanichoma mfukoni tangu uliponiandikia habari za ndama. Nikasema, "Kuna msichana mmoja, mahali fulani, ana vitu fulani vinapata joto ndani, na mkubwa wake hataki kusikia." Mahali fulani si mahali! Vitu fulani si nyasi! Akafungua jicho moja, akauliza, "Vitu gani?" Nikasema mikate. Akasema, "Na mikate hiyo inaliwa na nani?" Basi nikasema ng'ombe. Ulimi ni nyama, mpwa wangu, hauna mfupa wa kuushikilia.

Hakungoja shavu la pili. Nilikimbia nyuma ya gari na kitambaa mkononi.

Nguo usizifunge. Kama angetaka kukufukuza angekufukuza akiwa na hasira, asingengoja achoke. Lakini akikufukuza, njoo. Nitakufundisha kunyoa. Utaanza na kiziwi.

Bado hujaniambia umri wa dereva.

Mjomba wako, zamani kaburi.


24 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Kiganja kimepona, kimebakia alama ndogo. Mwambie mama aache kutangaza. Mimi sikuzima, nilikuwa juu ya ngazi nikipiga kelele.

Mwenye shamba aliniita ofisini kwake jana. Nilikwenda nimevaa viatu vya kufunga, kwa sababu sikuwa na vingine vya kufukuzwa navyo. Alikuwa amejifunga skafu kichwani kama mwenye jino bovu. Hataki kumaliziwa na kinyozi wa huku. Anasema fundi aliyeanza kazi ndiye anayeimaliza. Shavu la kulia nalo limeanza kuota, kwa hiyo sasa ana ndevu za ghorofa mbili.

Akaniambia hivi: "Njia nzima siku ile nilikuwa nakuja kumfukuza mtu. Sikujua nani, lakini nilikuwa nimeshachagua maneno. Ningekukuta umeketi mezani, maneno yangekuwa yako." Akatazama dirishani. "Nikakukuta juu."

Nikangoja. Nikadhani bado kuna lingine.

"Nyasi za mwaka huu zitakaribia kutosha," akasema. "Zile nyeusi watalalia ng'ombe. Za mwakani, siku ya kuzifunga utaitaja wewe, baada ya kuzisokota kwa mkono wako. Na upange ukiacha njia za hewa. Zipinde kidogo, zitakuwa nzuri."

Msimamizi amepelekwa kusimamia uzio. Anauvutia kamba, na kwa kweli umenyooka.

Kwa hiyo sirudi, Mjomba. Wewe ndiwe unayetakiwa kuja. Ni amri ya mwenye shamba na ni ombi langu. Njoo Jumamosi ukiweza, mama aje nawe, na kofia ya mwenye shamba msiisahau. Siku zote nilikuwa nakuzuia kwa visingizio vya barabara mbovu. Barabara ni nzuri, nilikuwa naogopa uje unione na hofu yangu.

Panda basi la asubuhi linaloelekea kaskazini, mwambie kondakta akushushe kwenye daraja la reli, siyo sokoni. Watakwambia sokoni ndiyo karibu, usikubali. Ukishuka utaona mkono wa kushoto barabara ya vumbi yenye matanki mawili ya maji. Usianze kutembea na mgongo huo. Ngoja kwenye kivuli cha tanki la kwanza, Polepole atakuja kuwachukua na trekta. Mtamsikia kabla hamjamwona, na baada ya kumsikia mtangoja sana. Mama akae mbele. Wewe kaa kwenye tela, juu ya gunia. Usimwulize umri, usimwulize kwao, usimwulize nia yake. Ameshaniambia yote hayo mwenyewe, na nitakwambia mimi tukishakula.

Mkifika lango likiwa limefungwa, zunguka upande wa ghala uniite kwa nguvu. Usiende ofisini, huko hunipati. Tunapanga upya marobota yaliyokauka na mimi nitakuwa juu.

Mpwa wako.